Cabeza de Vaca: Mpelelezi aliyerudi kwao bila viatu

WAPELELEZI wa Kihispania wanaotajwa sana katika vitabu vya historia ni wale walioshinda. Hernán Cortés aliiteka Meksiko, Francisco Pizarro akaiteka Peru, na majina yao wanafunzi huyakariri hadi leo. Huyu tunayemzungumzia leo hakuteka kitu. Alikwenda Amerika akiwa ofisa wa mfalme, akapoteza meli, wenzake na nguo zake zote, akaishi karibu miaka minane miongoni mwa wenyeji akiwa mtumwa, mchuuzi na mganga. Hatimaye aliwakuta tena Wahispania wenzake, na siku hiyo ndiyo iliyomletea mashaka makubwa kuliko zote.

Álvar Núñez Cabeza de Vaca alizaliwa karibu mwaka 1490 katika mji wa Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania. Alikuwa bado mtoto wakati Mreno Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Jina la Cabeza de Vaca maana yake ni kichwa cha ng'ombe, nalo lilitoka upande wa mama yake. Ukoo huo ulikuwa na hadithi kwamba mchungaji mmoja, babu yao, aliweka fuvu la ng'ombe mahali fulani milimani kulionyesha jeshi la Wakristo njia ya siri kabla ya vita vya mwaka 1212 dhidi ya Waislamu. Hadithi za koo zina chumvi yake, lakini yeye alipenda kulitumia jina hilo kuliko la baba.

Babu yake upande wa baba, Pedro de Vera, ndiye aliyekiteka kisiwa cha Gran Canaria. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba ambamo kuteka nchi za watu ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Alikuwa askari huko Italia, akapigana Ravenna mwaka 1512, kisha akamtumikia mtawala mkubwa wa kusini mwa Hispania. Akaoa. Maisha yake yangeweza kuishia hapo.

Tarehe 17 Juni, 1527, alipanda meli katika bandari ya Sanlúcar de Barrameda. Msafara ulikuwa wa meli tano na watu wapatao 600, na kiongozi wake alikuwa Pánfilo de Narváez, aliyepewa na mfalme kibali cha kuitawala Florida. Cabeza de Vaca alikuwa mweka hazina. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mfalme anapata fungu lake katika kila dhahabu itakayopatikana.

Dhahabu haikupatikana. Watu zaidi ya 100 walitoroka walipofika kisiwa cha Hispaniola. Huko Kuba kimbunga kiliwazamishia meli mbili na kuua watu 60. Aprili 1528 wakafika pwani ya Florida, karibu na mahali ambapo leo panaitwa Tampa, na hapo Narváez akakata shauri la kuwatenganisha: watu 300 waende nchi kavu kwa miguu na farasi, meli zifuate pwani, watakutana mbele. Cabeza de Vaca alipinga, akisema hawana chakula, hawana mkalimani, na hakuna ajuaye bandari ilipo. Narváez akamwambia kama anaogopa abaki na meli. Akaona aibu, akafuata. Meli hizo hawakuziona tena.

Wenyeji walioulizwa dhahabu iko wapi walinyoosha kidole kuelekea mbali, nchi ya Waapalachee. Msomaji atajiamulia mwenyewe kama walisema kweli, au walitaka tu wageni hawa wenye njaa waondoke kijijini kwao. Waapalachee walikuwa na nyumba 40 na mahindi mengi. Walikuwa pia na pinde ndefu ambazo mishale yake ilipenya vazi la chuma. Wahispania waliugua, wakapigwa kila walipovuka maji, na mwishowe wakakimbilia baharini.

Hapa kuna jambo ambalo fundi yeyote atalipenda. Watu hawa hawakuwa na meli, hawakuwa na vifaa, na hapakuwa na mjenzi wa meli ila seremala mmoja. Wakatengeneza mivukuto kwa mabomba ya miti na ngozi za kulungu. Wakayeyusha vyuma vya matandiko ya farasi na vya pinde zao, wakafua misumari, misumeno na mashoka. Nyuzi za mikindu zikawa kalafati, utomvu wa misonobari ukawa lami, singa za mikia ya farasi zikasokotwa kamba, mashati yakashonwa matanga. Kila siku ya tatu walichinja farasi mmoja wakala, na ngozi za miguu yake wakazichuna zima zima ziwe viriba vya maji, ambavyo baadaye vilioza. Tarehe 22 Septemba, 1528, watu wapatao 240 wakaingia baharini kwa mashua tano zilizozama hadi karibu na ukingo kwa uzito.

Walipita mbele ya mdomo wa mto Mississippi, ambao maji yake matamu waliyachota katikati ya bahari. Mkondo ukawatawanya. Cabeza de Vaca alimwomba Narváez, aliyekuwa na mashua yenye watu wenye nguvu zaidi, amtupie kamba. Narváez alijibu kwamba wakati wa kuamriana umepita, kila mtu ajiokoe mwenyewe. Akaenda zake, na bahari ikamchukua.

Mapema Novemba, wimbi lilizitupa mashua mbili kwenye kisiwa cha pwani ya Texas ya leo, karibu na Galveston. Wahispania wakakiita Malhado, yaani bahati mbaya. Mashua ilipopinduka walipokuwa wakijaribu kuondoka, walibaki uchi kama walivyozaliwa, katika baridi. Wenyeji walipowakuta katika hali hiyo waliketi chini pamoja nao na kulia kwa sauti kama nusu saa. Kisha wakawasha mioto njiani, mmoja baada ya mwingine, ili wageni wasife kwa baridi kabla ya kufika kwenye nyumba.

Wazungu hawa walisadiki kwamba wanapelekwa kutolewa kafara. Lakini waliokula watu walikuwa wao: Wahispania watano waliokaa peke yao ufukweni walikulana majira hayo ya baridi hadi akabaki mmoja. Wenyeji walishtuka mno waliposikia. Kisha ugonjwa wa tumbo ukaua nusu ya wenyeji wa kisiwa, na baadhi yao wakataka kuwaua wageni kwa kudhani wameleta uchawi. Mzee mmoja akawatetea kwa hoja rahisi, kwamba kama wangekuwa na uwezo huo wasingeacha wenzao wenyewe wafe. Na kweli, kati ya watu 80 waliofika, hadi masika walibaki 15.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Cabeza de Vaca alipewa kazi ya kuchimba mizizi ya chakula ndani ya maji, katikati ya matete, hadi vidole vyake vikawa havigusi hata jani bila kutoka damu. Alifanya kazi hiyo zaidi ya mwaka. Kisha akatoroka kisiwa, akahamia kwa watu wa bara, na huko akaanza biashara.

Ndugu zetu wa mpakani waisome vizuri sehemu hii. Makabila ya pale yalikuwa vitani wakati wote. Mtu wa pwani hakuweza kwenda bara, wala wa bara kwenda pwani, lakini kila upande ulihitaji vitu vya mwingine. Cabeza de Vaca hakuwa wa upande wowote. Alichukua pwani makombe na vipande vya konokono wa bahari, shanga za simbi, na ganda kali walilotumia kukatia tunda fulani kama haragwe la kutengenezea dawa. Bara alipata ngozi, udongo mwekundu wa kujipaka usoni, mawe ya gumegume ya ncha za mishale, matete magumu ya mishale yenyewe, na gundi. Alikwenda ndani masafa marefu, na kando ya pwani maili zaidi ya 100. Hakuna aliyemdhuru, kwa kuwa wote walimhitaji. Walimlisha kila alikofika na walimwulizia asipofika. Majira ya baridi alipumzika.

Ninavyoona mimi, hapa ndipo alipojifunza yale yaliyomwokoa baadaye. Alijifunza lugha, alijifunza kungoja, alijifunza kwamba mtu asiye na silaha hupita mahali ambapo jeshi la watu 300 halikupita. Angeweza kuendelea na safari yake mapema. Lakini kisiwani alikuwa amebaki Mhispania mwenzake, Lope de Oviedo, na kila mwaka Cabeza de Vaca alirudi kumbembeleza waondoke, na kila mwaka Oviedo alimwambia mwakani. Alipokubali hatimaye, walifika ghuba moja, wakasikia vitisho vya watu wa mbele, naye Oviedo akageuka na kurudi kisiwani. Hakusikika tena.

Ng'ambo ya ghuba hiyo alikuta watu watatu wa msafara walio hai: Andrés Dorantes, Alonso del Castillo, na Mwafrika aliyeitwa Estebanico, mzaliwa wa Azemmour nchini Moroko, mtumwa wa Dorantes. Wote watatu walikuwa watumwa wa wenyeji, kwa hiyo kwa muda Dorantes na mtumwa wake walikuwa sawasawa. Ilibidi wangoje tena, maana makabila yaliyowashika yalikutana mara moja tu kwa mwaka, wakati wa matunda ya mpungate. Mwaka 1534, matunda yalipoiva, wote wanne wakatoroka.

Walitembea kuelekea machweo. Siku moja Cabeza de Vaca alipotea porini peke yake, uchi, akakuta mti unaowaka moto, akachukua vijinga na kuvibeba siku tano. Usiku alichimba shimo, akazungushia mioto minne, akajifunika nyasi. Mara moja nyasi zilishika moto zikamuunguza nywele. Anasimulia pia kwamba ngozi zao zilikuwa zikibambuka mara mbili kwa mwaka kama za nyoka.

Uganga ulianzia kule kisiwani, ambako wenyeji waliwanyima chakula hadi wakubali kutibu wagonjwa. Sasa ukawa hati yao ya kusafiria. Walifanya ishara ya msalaba, wakapuliza, wakasali Baba Yetu na Salamu Maria. Watu wakasema wamepona. Mara moja alipasua kifua cha mtu kwa kisu, akatoa ncha ya mshale iliyokaa karibu na moyo, akashona kidonda kwa nyuzi mbili. Hilo la upasuaji ni rahisi kuliamini. Mengine, pamoja na maiti aliyeinuka, tumwachie mwenyewe.

Sifa zikatangulia mbele yao. Walisindikizwa na mamia, baadaye maelfu. Yeye mwenyewe hafichi kwamba msafara huo ulikuwa na sura mbaya: waliowasindikiza walipora kila kijiji walichofika, na walioporwa nao waliungana na msafara ili wajilipe katika kijiji kinachofuata. Wahispania watatu walinyamaza ili waonekane watu wazito. Aliyezungumza na watu, kuulizia njia na kuleta habari alikuwa Estebanico. Walizijua lugha sita, lakini nchi ilikuwa na lugha nyingi kuliko hizo, na zilizobaki walitumia ishara za mikono.

Njiani waliona ngozi na nyama za wale ng'ombe wakubwa wenye nundu na manyoya, nyati wa Marekani. Kitabu chake ndicho cha kwanza kuwaeleza Wazungu habari za mnyama huyo. Yafaa iwe hivyo, kwa mtu wa jina lake.

Mwanzoni mwa 1536, wakiwa kaskazini-magharibi mwa Meksiko, Castillo aliona mtu mmoja amevaa shingoni kifungo cha mkanda wa upanga, na msumari wa kwato za farasi umeshonwa humo. Walifurahi hadi wakamshukuru Mungu. Lakini kadiri walivyosogea, vijiji vilikuwa vitupu. Mashamba mazuri yenye maji hayakulimwa. Watu walikuwa wamejificha milimani wakila magome ya miti, kwa sababu Wahispania waliokuwa mbele walikuwa wakiwinda watumwa, wanachukua nusu ya wanaume na wanawake na watoto wote.

Cabeza de Vaca akatangulia na Estebanico na wenyeji 11. Wakakutana na wapanda farasi wanne. Wale wapanda farasi walimkodolea macho muda mrefu bila kusema neno. Mbele yao alisimama mtu amekaushwa na jua, ndevu hadi kifuani, karibu uchi, anazungumza Kihispania.

Nahodha wao aliitwa Diego de Alcaraz. Shida yake kubwa siku hiyo ilikuwa kwamba hajakamata mtu kwa siku nyingi na askari wake wana njaa. Dorantes na Castillo walipofika na wenyeji zaidi ya 600 waliokuwa wakiwafuata kwa hiari, Alcaraz aliona mzigo uliojileta. Akataka kuwafanya watumwa. Ugomvi uliotokea ulikuwa mkali kiasi kwamba Cabeza de Vaca na wenzake waliondoka kwa hasira wakisahau pinde, mifuko, na ncha tano za mishale za zumaridi walizopewa zawadi.

Kabla ya hapo Alcaraz alijaribu maneno. Kwa kupitia mkalimani aliwaambia wenyeji kwamba hawa wanne ni Wahispania kama yeye, watu duni waliopotea, na bwana wa nchi ni yeye. Wenyeji walikataa kabisa. Waliona kwamba wanne hawa wametoka mawio na wale wametoka machweo. Hawa huponya wagonjwa, wale huua wazima. Hawa wako uchi na peku, wale wamevaa, wamepanda farasi, wameshika mikuki. Hawa wakipewa kitu hukigawa, wale hukwapua na hawampi mtu. Basi wawezaje kuwa kabila moja?

Na Cabeza de Vaca anasema hakuweza kuwashawishi. Katika kusimulia tukio hilo anawaita wawindaji watumwa Wakristo, kana kwamba yeye ni kitu kingine. Sisi tuliorudi kutoka ugenini tunaijua hali hiyo kidogo. Mimi niliporudi na Kiswahili cha shule, watu wa kwetu waliniuliza ninatoka nchi gani. Tofauti ni kwamba mimi niliulizwa kwa utani.

Wenyeji walikubali kurudi vijijini wakalime, kwa kumwamini yeye. Alcaraz akawapa wanne hao msindikizaji, ambaye badala ya kuwapeleka mjini aliwapitisha misituni siku mbili bila maji, ili wasionane na watu. Watu saba katika safari hiyo walikufa kwa kiu. Wakati huohuo Alcaraz alikuwa akienda kuwashambulia wale waliokuwa wametumwa majumbani kwao wakiwa wamehakikishiwa amani. Huko Culiacán mkuu wa mji, Melchior Díaz, aliwapokea kwa machozi na kwa msaada wao watu wengine walishuka tena kutoka milimani. Julai 1536 walifika mji wa Meksiko. Kwa siku nyingi Cabeza de Vaca hakuweza kuvumilia nguo mwilini, wala kulala isipokuwa sakafuni.

Dorantes na Castillo walibaki Meksiko, wakaoa wajane wenye mali. Estebanico alirudi kuwa mtumwa. Mwaka 1539 makamu wa mfalme alimtuma atangulie mbele ya padri Marcos de Niza kutafuta miji ya Cíbola, na huko, katika nchi ya Wazuni, aliuawa. Hakuandika kitabu, na hakuna aliyemwandikia.

Cabeza de Vaca alifika Lisbon Agosti 1537. Alitaka ukuu wa Florida, akakuta umekwisha kupewa Hernando de Soto. Mwaka 1540 mfalme akampa nchi ya Río de la Plata, makao yake yakiwa Asunción, katika Paragwai ya leo. Aliondoka Cádiz na watu 400, na kutoka pwani ya Brazili akaenda kwa nchi kavu na watu 250 na farasi 26. Alitembea zaidi ya miezi minne, akapita kwenye maporomoko ya Iguazú, ambayo hakuna Mzungu aliyekuwa ameyaeleza kabla yake, akaingia Asunción Machi 1542. Aliwalipa Waguarani kwa chakula walichomletea. 

Asunción palikuwa na Wahispania waliozoea kuchukua wanawake na vibarua wa Kiguarani wapendavyo, na kiongozi wao alikuwa Domingo Martínez de Irala. Gavana mpya akawakataza. Tusimfanye mtakatifu: naye alipigana na makabila yaliyomkataa, na msafara wake wa 1543 kutafuta dhahabu juu ya mto Paraguay uliishia katika njaa na homa. Aprili 1544, akiwa mgonjwa kitandani, walimkamata. Alifungwa karibu mwaka mzima. Wafuasi wake waliwasiliana naye kupitia mwanamke mwenyeji aliyekuwa akimletea chakula, ambaye walinzi walimvua nguo kumpekua, naye alificha barua iliyokunjwa katikati ya vidole vya mguu.

Mwaka 1545 alirudishwa Hispania akiwa mfungwa. Kati ya mashtaka yake lilikuwamo la kuwatesa wenyeji. Mwaka 1551 Baraza lililosimamia makoloni ya Amerika lilimvua vyeo vyote na kuamuru akatumikie jeshi huko Oran, kaskazini mwa Afrika, kwa gharama zake mwenyewe. Baadaye adhabu ya Oran ilifutwa. Simulizi yake ya safari ya miguu ilikuwa imechapwa Zamora mwaka 1542. Mwaka 1555 ikachapwa tena Valladolid, safari hii pamoja na maelezo ya upande wake kuhusu Paragwai. Irala, aliyechukua nafasi yake, alifariki Asunción mwaka 1556 akiwa bado gavana. Cabeza de Vaca alifariki Hispania karibu mwaka 1559. Río de la Plata hakurudi tena.